Eosinofili kibao kwa wavuvi: ndani ya seli nani anatoa amri?

MaabaraIgombe
Wakuu, habari za jioni. Nipo maabara ya zahanati jirani na mwalo wa Igombe. Wavuvi na akina mama wa dagaa wenye mayai ya kichocho cha tumbo, nikitazama slaidi ya damu yao, mara nyingi eosinofili (aina ya seli nyeupe za damu) zimejaa. Vitabuni naambiwa tu "ni minyoo". Hilo halinitoshi! Ni nini kinachowasha jeni? Nimesikia habari za protini zenye vidole vya zinki. Basi mgonjwa akiongezewa zinki kinga itapanda?

BaiolojiaNyegezi
Swali zuri mno, mdogo wangu. Hapo bosi ni GATA3, protini ya vidole hivyo inayowasha jeni. Ina vidole viwili, kila kimoja kimejikunja kwenye atomi ya zinki iliyoshikwa na sisteini nne. Vidole hivyo hutua kwenye DNA penye herufi G-A-T-A. Mayai yakinasa kwenye ini, seli T saidizi (seli nyeupe zinazoelekeza kinga) huongeza GATA3, nayo hufungua kipande cha kromosomu ya 5 ambako jeni za IL-4, IL-5 na IL-13 (protini za kupeana ishara kati ya seli za kinga) zinakaa jirani. IL-5 ndiyo inayochochea eosinofili ziongezeke na kutoka kwenye uboho. Kuzaliwa kwenyewe kwa eosinofili kunamtegemea ndugu yake, GATA1. Maabara ya Richard Flavell, Yale, ilionyesha kazi ya GATA3 kwenye seli T saidizi mwaka 1997.

Zinki inashikilia umbo la kidole tu. Aliyepungukiwa apewe, lakini swichi haiko hapo: GATA3 hupandishwa na ishara ya IL-4 kupitia STAT6, protini inayofikisha ishara hiyo kwenye jeni.

KijanaUkerewe
Kwa nini basi GATA3 isizimwe? Babu yangu ini limeharibika kwa kichocho.

BaiolojiaNyegezi
Pole sana. Ni kweli IL-13 inachochea makovu ya ini. Ila panya wasio na IL-4, wakiambukizwa kichocho hiki, hudhoofika vibaya na wengi hufa. Tena bila GATA3 seli T hazikomai. Mimi nasema tuue minyoo kwa prazikwanteli, mayai yaache kutagwa. Na dawa haimkingi mtu asiambukizwe tena akirudi majini.

MaabaraIgombe
Asante sana, dada. Na mwenye eosinofili nyingi ila choo hakina mayai?

BaiolojiaNyegezi
Rudia sampuli za siku tofauti. Maambukizi mapya huchukua wiki kadhaa kabla mayai hayajaonekana. Tafuta na safura pia.