Naomba ushauri: mama anakataa upasuaji wa macho kwa sababu ya kikundi

Wadau, kamwene. Mama yangu ana miaka 71, yuko Kalenga, Iringa, na mjukuu mmoja wa darasa la sita. Anasuka vikapu vya milulu (unyasi wa kusukia) tangu mimi niko mgongoni. Kila Jumatano jioni wanawake kama kumi hujaa barazani kwake, anawafundisha bure na chai anapika yeye. (Sukari nanunua mimi.)

Sasa macho. Mwezi uliopita nilimkuta anapapasa unyasi kwa ncha ya kidole, kikapu kakibana magotini, uso kaugeuzia mlangoni kwenye mwanga. Mstari wa zambarau ulikuwa umepanda upande mmoja. Akaniambia eti ndiyo mtindo mpya.

Tumempima: mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari kashauri upasuaji. Yeye hataki, anasema akija kuuguzwa kwangu Mbeya kikundi chao cha ususi kitakufa, maana ndiye anayeshika daftari na wanaomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa vikundi vya wanawake.

Dada zangu wanataka tumchukue kwa nguvu. Mimi nasita. Nikimtoa pale barazani naona ndiyo nitamzeesha.

Mliouguza mzazi baada ya upasuaji huu, alikaa muda gani bila kuinama wala kusogelea moshi wa jikoni? Anaweza kuuguzwa palepale Kalenga? Na hilo daftari, tumshawishije alikabidhi kwa mwenzake bila kuona amepinduliwa?