Mama amenyimwa dawa ya Medicaid: huyo "msimamizi wa mafao" ni nani?

Ndugu zangu wa Columbus, salaam. Mama hupata dawa zake za kisukari kwa Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, katika duka dogo la jirani. Juzi mfamasia alituambia kwamba msimamizi wa mafao hajaidhinisha dawa moja, na kwamba yeye hana uwezo wa kuitoa. Msimamizi huyo ana sauti gani kumshinda daktari?

Jibu:

Dada, mfikishie mama shikamoo yangu. Wasimamizi wa mafao ya dawa ni kampuni zinazokaa kati ya bima na duka, zikishughulikia orodha ya dawa zinazolipiwa, bei zinazopatanwa na watengenezaji, na malipo ya mwenye duka. Hapa Ohio walileta kelele kubwa mwaka 2018, pale mkaguzi wa hesabu wa jimbo, Dave Yost, alipobainisha kwamba katika mwaka mmoja walibaki na dola milioni 224.8, ambazo ni tofauti kati ya walichoitoza Medicaid na walichowalipa wafamasia. Kwa dawa za jenariki (nakala za bei nafuu za dawa zenye chapa) peke yake, asilimia 31.4 ya fedha iliishia mikononi mwao, huku maduka madogo kama hilo la kwenu yakilalamika kwamba malipo hayafikii hata gharama ya kununulia dawa.

Jimbo lilikataza mtindo huo mwaka 2019, na tangu Oktoba 2022 Medicaid ya Ohio ina msimamizi mmoja, Gainwell, aliyeajiriwa na jimbo lenyewe. Naona ni nafuu, kwa sababu sasa mwenye fedha ndiye anayeona hesabu. Hata hivyo, kibali cha awali, yaani ruhusa inayotakiwa kabla dawa fulani hazijalipiwa, hakikuondolewa, na nadhani hicho ndicho kilichomkwamisha mama.

Basi mwombeni daktari apeleke ombi la kibali. Sheria ya shirikisho inataka Medicaid ilijibu ndani ya saa 24, na penye dharura mgonjwa apewe dawa ya kumtosha angalau saa 72. Kalitajeni hilo dukani bila haya. Ombi likikataliwa, kwanza kateni rufaa kama barua ya kukataa inavyoelekeza; rufaa nayo ikikataliwa, ombeni kwa maandishi kusikilizwa rasmi na jimbo.

Swali la nyongeza:

Ahsante, kaka. Na mimi mwenye bima ya kazini?

Jibu:

Kanuni hiyo ya saa 24 ni ya Medicaid. Wewe muulize mfamasia bei ya taslimu, kwani tangu Oktoba 2018 sheria inakataza kumziba mdomo asikwambie kwamba kulipa bila bima ni rahisi zaidi.