Mwanamke mweusi akiongea ana shari, akiumwa "ni jembe". Tushike lipi?

Wadau leo nina dukuduku, acha nilitoe nikalale.

Juzi nimetuma imeili kazini, mistari miwili tu. "Naomba ile ripoti niliyoulizia wiki iliyopita. Naihitaji kabla ya Ijumaa. Asante." Bosi akaniita pembeni, katoa simu, ananionyesha imeili yangu mwenyewe eti imekaa kishari, ningeweka hata kakatuni ka tabasamu. Nikamuuliza neno gani hapo lina shari? Akasoma. Akasoma tena. "Si neno, ni sauti yako." Sauti!! Kwenye imeili! Nikacheka kwa uchungu, akasema umeona sasa, ndo hiyo ninayoisema.

Na simlaumu peke yake maana haya amelishwa na tivii tangu mtoto. Filamu ngapi mwanamke mweusi ni yule shoga wa mhusika mkuu, mkono kiunoni, mdomo kabinua, anafoka kidogo watu wacheke halafu hatumwoni tena? Asipofoka basi ni mtumishi. Hattie McDaniel, mtu mweusi wa kwanza kupata Oscar, 1940, kaipata kwa kuigiza mtumishi wa ndani na usiku huohuo wakamkalisha meza ya pembeni ukutani, mbali na waigizaji wenzake wazungu. Haya, 2012 Octavia Spencer naye kabeba Oscar, kwa kuigiza nani? Mtumishi wa ndani. Miaka 72 imepita jamani (sina ugomvi na hao mama, wao kazi waliifanya, nina ugomvi na wanaogawa hizo nafasi).

Ila kinachoniumiza zaidi ni yule mcheza tenisi, Serena Williams. 2018 fainali ya US Open kabishana na mwamuzi, kavunja raketi, kapigwa faini ya dola 17,000, sawa, lakini wanaume wangapi wamevunja raketi kabla yake? Gazeti moja la Australia likamchora midomo mikubwa, anaikanyagakanyaga raketi kama mtoto aliyesusa, na mpinzani wake Naomi Osaka ambaye baba yake ni Mhaiti wakamchora mweupe mwenye nywele za njano!! Baraza la habari la huko likaja kusema hakuna kosa.

Sasa mwanamke huyohuyo mwaka mmoja nyuma, 2017, kajifungua kwa operesheni, kesho yake pumzi inambana, anajijua ana historia ya damu kuganda, anamwambia nesi kabisa nipigeni picha ya CT mnipe na dawa ya kuzuia damu kuganda, nesi akaona ni dawa za maumivu zimemchanganya. Ikabidi akomae mpaka wakampiga hiyo picha, na kweli mapafuni kuna mabonge ya damu. Serena huyo, na hela zake na jina lake. Asiye na jina je? Marekani mwaka 2021 kwenye kila vizazi hai 100,000 vya akina mama weusi walikufa kwa uzazi karibu 70, kwa wazungu hawafiki 27.

Halafu mtu anakuja na sifa zake, "wanawake weusi ni majembe". Jembe ndugu yangu haliulizwi kama limechoka, likikatika mpini linatupwa kwenye kona. Na we unayejiandaa kuniambia "dada punguza jazba", nimeshakuona.

Ripoti yenyewe mpaka leo sijaletewa.