Kutoka Nakuru kwenda Pwani: Mtwapa, Kilifi, Malindi, Diani, au tubaki na ziwa Kisumu?

Mwalimu_Kiamunyi
Hamjambo wadau. Nastaafu Desemba baada ya miaka 34 darasani. Mimi na mzee wangu tunaishi Kiamunyi, hapa Nakuru, nyumba ni yetu, na tumepata mtu wa kuipanga. Tukijumlisha kodi hiyo na pensheni zetu mbili, tutakuwa na 62,000 kwa mwezi. Sababu ya kuhama ni magoti yake. Julai iliyopita hakutoka kitandani kabla ya saa nne asubuhi mpaka nimkande kwa maji moto, na daktari amemwambia baridi ya huku haimsaidii.

Tunataka nyumba ya vyumba viwili ya kupanga, kanisa la kutembea kwa miguu, samaki, na hospitali isiyo mbali. Si lazima tuone bahari dirishani. Shemeji anasema Mtwapa, binti yangu anasema Diani, na mimi moyo wangu uko Kilifi kwa sababu nilipeleka wanafunzi huko mara moja na sikusahau lile daraja na maji yake chini. Mnaoishi huko au mliowahi kuishi, niambieni ukweli.

Mtwapa_Toka_Kitale
Karibu Mwalimu. Niko Mtwapa mwaka wa nane. Vyumba viwili nalipa 18,000, na nyumba kama hii Nyali ingenitoka mara mbili. Ndiyo sababu watu wengi wanaofanya kazi kisiwani Mombasa wanalala huku. Ila kuna jambo moja: Mtwapa haisinzii. Mtaa wangu wa kwanza ulikuwa nyuma ya baa, na Ijumaa muziki ulikuwa unazimwa alfajiri. Nilihamia ndani zaidi, upande wa mashamba, ndipo nikaanza kulala.

Kuhusu chakula, sahau bei za Nakuru. Viazi vya Molo vinafika hapa vimesafiri karibu kilomita 700. Kabichi, karoti na maziwa, vyote utalipa zaidi. Mwaka wa kwanza nilitaka kupika kama Kitale na pesa ikaisha tarehe ishirini. Sasa napika kama watu wa hapa: mbaazi za nazi, mchicha, mhogo, kisamvu, samaki wakiwa bei nzuri. Nazi nanunua kwa jirani. Bajeti ilitulia siku niliyoacha kutafuta waru, yaani viazi, kila siku.

Stima nayo. Bei ya uniti ni moja nchi nzima, lakini huku utatumia uniti zaidi. Feni ya dari ya wati 70 ikizunguka saa 12 kwa siku inakula uniti 25 hivi kwa mwezi. Weka feni mbili na friji, na ujue bei ya nyumbani imegawanywa mafungu: chini ya uniti 30, kati ya 30 na 100, na zaidi ya 100. Ukivuka 100, kila uniti inakuwa ghali zaidi. Kiyoyozi usikifikirie kabisa kwa pesa hiyo. Tafuta nyumba yenye madirisha pande mbili, upepo upite.

Fundi_Bomba_Naka
Mwalimu, mimi ni fundi wa mabomba, niko Naka hapa Nakuru sasa lakini nilifanya kazi Bamburi na Shanzu, Mombasa, miaka sita. Watu wanauliza kodi kwanza. Uliza maji kwanza, kodi baadaye.

Visima vingi vya Mombasa na kando ya bahari vina chumvi. Nilikuwa nikifungua kichwa cha bomba la mvua kwenye bafu nakuta matundu yameziba kwa ukoko mweupe mgumu, nausugua kwa siki na msumari. Sabuni haitoi povu. Chai ina ladha. Nguo nyeupe zinakakamaa kama turubai. Basi mwenye nyumba akikuambia "maji yapo masaa ishirini na nne," mwambie akufungulie bomba la jikoni, chota kwa kiganja, onja. Mara nyingi maji ya masaa ishirini na nne ni ya kisima cha chumvi, na ya kunywa utanunua kwa mitungi ya lita 20 kutoka kwa wenye mikokoteni, kila wiki, mwaka mzima. Piga hesabu hiyo ndani ya kodi.

Maji matamu ya ule upande yanatoka mbali. Kuna bomba la Mzima, kule Tsavo, lililojengwa miaka ya 1950, ambalo linashuka kwa mteremko mpaka Mombasa. Na kuna visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, ambavyo vinategemea pampu za umeme, navyo ndivyo vinavyolisha Malindi na Kilifi na sehemu ya Mombasa. Pampu zikisimama Baricho, miji yote hiyo inakauka pamoja. Kwa hiyo uliza maswali matatu: maji ya kaunti yanakuja siku ngapi kwa wiki, tangi ni la lita ngapi na mnalitumia wangapi, na kisima ni cha chumvi au la. Nyumba ya 15,000 isiyo na tangi ni ghali kuliko ya 20,000 yenye tangi la lita 5,000.

Na tusijidanganye kwamba Nakuru tuko salama. Visima vyetu vina floridi nyingi, angalia meno ya kahawia ya watoto waliokulia huku. Tofauti ni kwamba chumvi unaionja, floridi huionji.

Dunga_Asubuhi
Mwalimu, mbona unaruka ziwa? Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari na Nakuru inapita 1,800, kwa hiyo joto unalolitafuta liko hapa, na kutoka Nakuru ni njia ya Kericho tu, saa nne hivi. Mzee akiugua usiku, watoto wanafika asubuhi. Kisumu kuna hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, kuna uwanja wa ndege, na mboga zinateremka kutoka Kericho na Kisii bila kusafiri nchi nzima. Ukienda soko la Kibuye Jumapili utarudi na kikapu kimejaa.

Sitakuficha mabaya. Milimani ya Kisumu kodi imepanda sana, si rahisi kuliko Kilifi. Tafuta Mamboleo au njia ya Riat. Omena uvuvi wake hufungwa Aprili mpaka Julai, na samaki wakubwa bei yao si ya zamani. Gugumaji likivamia, ufuo wote unakuwa shamba la kijani na mashua hazipiti. Lakini jioni pale Dunga, jua likizama na wavuvi wanasukuma mashua kwenda kulala majini na taa zao, sijaona sehemu nyingine ya kuzeekea.

Mwalimu_Kiamunyi
Asanteni sana, hasa fundi. Sikuwa nimewaza maji hata kidogo. Mdau wa Dunga, Kisumu tuliizungumza, ila mzee anaogopa malaria. Je, Pwani ni afadhali?

Nesi_Mstaafu_Kakamega
Dada Mwalimu, nimefanya kazi wodini Magharibi na miaka minne Kilifi, nikujibu mimi. Ukanda wa ziwa ndio unaoongoza nchini kwa malaria. Pwani ipo pia, ila kwa jumla ni kidogo kuliko kwetu. Shida yenu ni kwamba mnatoka Nakuru ambako malaria ni adimu, kwa hiyo miili yenu haijaizoea. Popote mtakapokwenda, ziwani au Pwani, chandarua chenye dawa kila usiku, na homa ikija pimeni siku hiyo hiyo. Msingoje kesho mkidhani ni uchovu wa joto.

La pili ni presha. Kama mzee anameza zile dawa za kupunguza maji mwilini, joto la Februari na Machi Pwani litamkausha haraka. Nimewapokea wazee wawili waliohamia kutoka bara, wameletwa wakiwa na kizunguzungu, na kumbe ni maji tu yamepungua. Aonane na daktari kabla ya kuhama, dozi iangaliwe. Maji ya kisima cha chumvi mtu wa presha asiyanywe.

Hospitali: Kilifi mjini ile ya kaunti iko katikati ya mji, na pana kituo kikubwa cha utafiti kando yake. Rufaa kubwa ni Mombasa, kilomita 60 hivi. Malindi ni mbali maradufu. Usiku wa dharura kilomita hizo zina maana.

Alirudi_Njoro
Naomba mnisikilize na mimi niliyerudi. Tulikaa Malindi miezi kumi na sita. Mji ni mzuri, watu wana adabu, kodi ilikuwa 14,000 kwa nyumba yenye ua na mwembe. Lakini Malindi inaishi kwa wageni. Msimu ukiwa juu, bei ya samaki sokoni inafuata mikahawa. Msimu ukishuka, nusu ya maduka yanafungwa na mji unanyamaza mpaka unasikia mawimbi. Halafu kusi ikianza kuvuma, kuanzia Aprili hivi, bahari inachafuka na mashua ndogo hazitoki, kwa hiyo samaki wa rahisi tuliyemhamia hakuwepo miezi mingi.

Kilichoturudisha si hayo. Ni matanga. Mwaka wa kwanza tulifiwa mara nne upande wa mke wangu, Njoro na Elburgon. Kila safari ni usiku kucha kwenye basi kwenda, usiku kucha kurudi, na mchango mkononi. Treni ya Mombasa kwenda Nairobi nayo, daraja la kawaida lilipanda kutoka 1,000 hadi 1,500 Januari 2024, na bado unashukia Syokimau, nje ya Nairobi, ndipo utafute gari la Nakuru. Mara ya nne mke wangu hakwenda kwa sababu pesa haikutosha sisi wawili, na aliyefariki alikuwa dada yake wa kumfuata. Alikaa barazani siku nzima na simu sikioni akisikiliza ibada. Jioni hiyo nikajua tunarudi. Mwalimu, weka nauli ya kurudi nyumbani kwenye bajeti kama unavyoweka unga.

Mkaaji_Bofa
Pole sana ndugu wa Njoro.

Mwalimu, niko Kilifi, njia ya Bofa, mwaka wa tano, mzaliwa wa Bungoma. Vyumba viwili ni 20,000, tangi la lita 3,000 kwa familia mbili. Karibu na chuo kikuu cha Pwani kodi inavutwa na wanafunzi, epuka kule. Kimya kipo kweli. Kanisa si tatizo. Diani mwambie binti ni pazuri kutembelea, lakini kwa kupanga ni ghali, na mpaka Mombasa ni kivuko cha Likoni au kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Mkitaka vitu vizuri vya bei nafuu hapa, mjifunze msimu: maembe yakijaa, kapu zima ni pesa ya soda.

Moja tu: chuma. Tulileta kabati la chuma na baiskeli kutoka Bungoma, mwaka mmoja vimeliwa na kutu. Leteni vya mbao.

Sachi_Kwanza
Naongeza hata kama hukuuliza, maana wastaafu wengi wakifika wanataka ploti. Pangeni, msinunue. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliacha wenyeji wengi wa mwambao bila hati, wakaitwa maskwota kwenye ardhi ya babu zao, na wenye hati wengine wako mbali hawajawahi kuonekana. Mombasa kuna mpaka nyumba bila ardhi: jumba ni lako, kiwanja ni cha mwingine, na unamlipa. Baba yangu alinunua ploti Kwale kwa malipo ya uzeeni, akapewa karatasi ya makubaliano tu. Alipopeleka mawe alikuta familia ya watu kumi na moja na makaburi yao pale. Hakuwa na moyo wa kuwatoa, na aliyemuuzia hakupatikana tena.

Mwalimu_Kiamunyi
Nimemsomea mzee yote, ya Njoro nimeyasoma mara mbili. Tumekaa kimya kidogo.

Tumeamua hivi. Hatuhami Desemba. Tutakwenda Kilifi Mei, mvua na kusi ikiwa imeanza, tupange miezi mitatu, ili tuuone mji siku zake ngumu. Nyumba ya Kiamunyi tutampangisha mtu kwa muda huo tu. Kila mwezi 6,000 zitawekwa kando kwa nauli ya matanga na harusi, na hazitaguswa. Magoti yakikataa hata huko, tutajaribu Mamboleo na chandarua.

Mkaaji_Bofa, hiyo nyumba ya pili mnayochangia nayo tangi, ina mtu?

Mkaaji_Bofa
Anatoka Aprili. Nitamuuliza mwenye nyumba kesho. Maji ni matamu, nimeyanywa miaka mitano, lakini njoo uonje mwenyewe.