Nimetunga sabklasi ya wizadi wa kaskazi na kusi, DM kaikataa bila maelezo, nisaidieni

nahodha_d20
Wakuu habari za jioni. Tunacheza D&D toleo la 5 (ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu), kile kitabu cha 2014, watu watano kila jumamosi sebuleni kwa mshkaji Sinza, tuko levo ya 5 tunaingia ya 6. Wizadi wangu, mhusika mwenye uchawi wa kitabuni, alikufa wiki mbili zilizopita (aliruka korongo, dadu ikamsaliti, tusiliongelee) basi DM (anayeendesha mchezo) akaniambia njoo na mhusika mpya na ukitaka kutunga sabklasi yako (tawi la klasi, yaani la fani ya mhusika) tunga ila niione kwanza. Nimetunga, nimemtumia, kasoma dakika tano kajibu "hapana" na kikatuni cha kucheka. Basi. Hakuna maelezo.

Wazo ni wizadi wa pwani anayefuata misimu ya upepo. Kila asubuhi baada ya mapumziko marefu anachagua upepo mmoja wa siku hiyo. Kaskazi ndiyo ilikuwa inaleta majahazi toka Arabuni na Ghuba, kwa hiyo kaskazi INAVUTA. Kusi ndiyo inayarudisha, kwa hiyo kusi INASUKUMA. Hapo nilijiona kichwa kweli.

Levo 2: kila speli yako (uchawi unaoutupa) inapomdhuru mtu unamvuta au unamsukuma futi 10
Levo 6: unapaa, spidi futi 30, muda wote
Levo 10: unaweza kubadili upepo katikati ya siku
Levo 14: dhoruba, maadui wote ndani ya futi 60 chali

Jina ni Mwita Pepo. Sasa tatizo liko wapi hapo?

DM_mchovu
Mimi si DM wako ila nimecheka kama yeye, nisamehe mdogo wangu.

Tuichukue levo ya 2 tu kwanza. "Kila speli inapomdhuru mtu." Haya, Magic Missile, speli ya mishale mitatu, haikosi, haina sevu (dadu ya kujinusuru). Kwa maneno yako mwenyewe naitupa kwa watu watatu na wote watatu wanasogea futi 10 bila dadu ya kulenga wala ya sevu kugusa meza, au namtupia mmoja yote mitatu unaanza kubishana na DM kama ni futi 10 au 30, na kama amesimama karibu na ukingo wa daraja ubishi wenyewe hauna maana tena. Halafu hujazitoa kantripi, zile speli ndogo. Kantripi haziishi! Ray of Frost tayari inampunguzia mtu mwendo futi 10, sasa na wewe unamrudisha nyuma futi 10 nyingine kila raundi, yule jamaa wa shoka atakufikia krismasi.

Utasema mbona warlock, klasi nyingine ya uchawi, anayo Repelling Blast ya kusukuma watu. Ndiyo anayo, lakini analipia nafasi ya invocation (uwezo wa ziada wa kuchagua) na ni kwa kantripi moja, Eldritch Blast, peke yake. Wewe unakibandika bure juu ya klasi yenye orodha ndefu ya speli kuliko zote.

Swali la mwisho. Mezani kwenu kuna druid, yule wa uchawi wa msituni? Maana kuna speli inaitwa Spike Growth, kila futi 5 anayosogea mtu ndani ya ile miba anakula 2d4 (madhara ya dadu mbili za pande nne), na miba haijali kama amesogea kwa hiari au amesukumwa. Futi 10 ni 4d4. Sisi tunaiita mbuzi, ile ya kukunia nazi. Zimwi lina uhai 59, tulilikuna likaisha halijamfikia mtu.

nahodha_d20
Druid yupo. Na hiyo speli anayo, na wazo la kuiunganisha lilikuwa lake 😅 nimeanza kuelewa kile kikatuni

bintipwani
Naja na la jina kwanza maana linaniwasha. Ukija huku Mombasa ukajitambulisha kuwa wewe ni mwita pepo, hakuna atakayefikiria upepo, utaulizwa ngoma lini na ubani nani ananunua. Muite Rubani wa Misimu yaishe. Na usije ukasema mchawi pia, mimi nilikuwa nazungumza na wenzangu kwa simu nikasema kwa sauti "mimi mchawi wa levo ya sita" mama yuko jikoni, wallahi ilinichukua wiki nzima kumuelewesha, na sidhani kaelewa.

Sasa la mchezo. Babu yangu alikuwa baharia, na baharia hachagui upepo asubuhi kama anachagua shati. Ikiwa ni kaskazi ni kaskazi, kama unataka kurudi Maskati utakaa upakue, upakie, ungoje. Sabklasi yako inaniambia nichague nikiwa sijui leo tutakutana na nani, nikishachagua nimemaliza kazi, siku nzima sina la kuamua tena. Mwangalie yule wizadi mtabiri wa kitabuni na uwezo wake wa Portent, anarusha d20 mbili (dadu za pande 20) asubuhi, hachagui zitokee ngapi, ila akishazipata kila anayerusha dadu mbele yake yeye ana uamuzi, nitumie sasa au niweke. Utamu wote uko hapo.

Mimi ningefanya hivi: kila siku unaanza na kaskazi. Una pumzi (kila moja ni mvuto au msukumo mmoja) sawa na bonasi yako ya umahiri, levo ya 6 ni tatu. Ukimaliza zote tatu za kaskazi ndipo upepo unageuka, unapata tatu za kusi. Ukizimaliza hizo bahari shwari mpaka ulale. Kwa hiyo ukitaka kusukuma lazima kwanza uwe umevuta mara tatu, na wakati mwingine utavuta mtu usiyemtaka ili tu kusi iingie.

DM_mchovu
Wazo zuri ila hesabu nyingi dada. Wizadi tayari anahesabu sloti (nafasi za kutupa speli), anahesabu speli alizoandaa, anahesabu dhahabu ya kunakili kitabuni, sasa na pumzi za pande mbili? Mchezaji wangu mmoja mpaka leo anasahau ameshikilia Web, speli inayotaka akili muda wote.

bintipwani
Komwe tatu za bao mezani. Kila pumzi unahamisha moja toka kushoto kwenda kulia, zikiisha kushoto upepo umegeuka, unaanza kuzirudisha. Mtoto wa miaka saba anaweza.

DM_mchovu
Komwe nimekubali.

kanuni_kwanza
Mmesahau levo ya 6 jamani. Fly ni speli ya levo ya 3, inakula sloti, inataka ushikilie akili muda wote, ukipigwa na sevu ikakataa unadondoka toka juu. Yeye anaitaka bure maisha yote. Kila pambano lisilo na mwenye upinde limekufa, DM itabidi awape mishale hata mbwa mwitu.

Kabla hujaandika namba yoyote iweke kando ya kitu ambacho wizadi wa kitabuni wa levo hiyo hiyo anacho. Arcane Ward kwa mfano, ngao ya wizadi wa kinga, levo mara mbili jumlisha Intelijensi, kwa levo ya 6 mwenye +4 ni uhai 16 wa ziada. Hicho ndicho kimo. Kuruka bure kunapita kimo hicho mpaka hakionekani.

Badala yake levo ya 6 mwache atumie pumzi kwa rafiki anayekubali. Unamvuta mwenzako futi 10 kutoka mdomoni mwa joka, na kwa kuwa hajatumia mwendo wake wala aksheni wala riaksheni, joka halipati pigo la bure. Ile dhoruba ya 14 iwe na sevu na iwe mara moja kwa mapumziko marefu. Na mkihamia kitabu cha 2024, sabklasi zote zinaanza levo ya 3, kwa hiyo ile ya 2 isogeze.

nahodha_d20
Nimeandika upya, nimemtumia DM: Rubani wa Misimu. Pumzi na komwe kama alivyosema bintipwani, speli ya levo ya 1 kwenda juu tu, mtu mmoja kwa zamu, asiwe mkubwa kuliko Large (saizi ya zimwi), na ana sevu ya Nguvu. Levo 6 ni ya rafiki. Levo 10 ni maleleji (kipindi cha upepo kubadilika), mara moja kwa siku unageuza upepo kabla komwe hazijaisha. Kajibu "haya tujaribu".

Jumamosi tumejaribu. Zimwi lilikuwa limesimama ukingoni kabisa mwa gati, msukumo mmoja tu liko majini, na mimi nina komwe mbili za kaskazi bado. Nikamvuta druid toka nyuma ya mapipa bila sababu ya maana, nikavuta goblini mmoja akaja kutua miguuni kwangu akanichoma kisu, kusi ikaingia, na zimwi likashinda sevu 😭 ila meza nzima walikuwa wamesimama.

Swali moja, mtu akishinda sevu ile komwe inahama au inabaki?

bintipwani
Inahama. Ikibaki, kila akishinda unakwama kwenye kaskazi, mtakaa nayo mpaka usiku wa manane.

DM_mchovu
Inahama. Na mwombe radhi druid.