Mrejesho: elektrodi kavu za kupima umeme wa misuli
Bandugu, aksanti sana kwa majibu. Niliulizaka elektrodi gani kavu (vipande vya chuma vyenye kugusa ngozi bila jeli na kusoma umeme wa misuli ili vidole vifunge) nitie ku mkono wa bandia wa kijana moja wa hapa Goma, juu zile za jeli zinakaukaka na kupata zingine ni bei. Nimechagua inoksi (chuma kisichopata kutu), vipande viwili vya mviringo kufuata nyuzi za musuli, milimita 20 katikati yao, na ya rejea (ya tatu, ya kulinganisha ishara) ku mfupa wa kiwiko.

Ule mwenye aliniambia niweke amplifaya (chombo cha kukuza ishara) palepale ku ngozi, wewe njo uliokoa kazi! Elektrodi kavu iko na impedansi kubwa (inazuia umeme kupita muzuri), waya ukiwa mrefu unavuta kelele ya 50 Hz ya umeme wa nyumba mpaka ishara inapotea, na ishara yenyewe ni milivolti chache ao chini. Filta, yenye kuchuja ishara, inapitisha 20 mpaka 450 Hz. Fedha yenye kloridi inatoa ishara safi zaidi ila inachakaa, kwa kuvaa kila siku naona inoksi njo bora.

Asubuhi ngozi kavu ishara inayumba, jasho likianza inatulia, basi anapangusa kwanza na kitambaa chenye maji. Vidole vinafunga muzuri. Mwenye kujua namna ya kukaza mukanda bila kuumiza ngozi aniandikie.