Mheshimiwa anapewa maikrofoni kanisani na pasta anasema amina tu, nifanyeje?

Wadau habarini. Mimi ni katibu wa vijana kanisani kwetu huku ushago. Mheshimiwa wetu wa wadi barabara yake iliishia kwa karatasi, kontrakta alimwaga changarawe mbele ya posho mill akapotea, na bado Jumapili anakuja na bahasha anaongea kuliko mhubiri. Mwezi ujao anarudi kwa harambee ya paa na ni mimi nimepangiwa kusoma neno. Nataka Amosi 5, pale nabii anakemea wanaodhulumu maskini. Wazee wanasema nitaaibisha kanisa mbele ya mgeni. Nisome ama niwache?

Mkulima_Halisi: Soma, lakini usiruke mstari wa 12, pale anakemea wanaopokea rushwa. Wanaopokea, sio watoaji pekee. Na uende mpaka sura ya 7 uone kuhani Amazia akimfukuza Amosi eti Betheli ni patakatifu pa mfalme. Si ni hao wazee wenu kabisa?

Guka_wa_Eldy: Binti yangu, sisi tulimwona Askofu Muge wa Anglikana, Eldoret. Agosti 1990 waziri Okondo alimwonya hadharani kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai, akaenda, akahubiri, na akirudi Eldoret akafa kwa ajali ya barabara. Okondo akajiuzulu baadaye. Sikwambii unyamaze, nakwambia usisimame peke yako.

Baba_Twins: Manabii wa siku hizi wakianza kuongea mimi nashika mfuko kwanza. Hiyo paa itaezekwa na Amosi?

Mama_Kwaya: @Baba_Twins Novemba 2024 jimbo kuu la Nairobi la Wakatoliki lilikataa mamilioni ya Ruto pale kanisa la Soweto, Nairobi, likasema zirudishwe, na ilikuwa pia nyumba ya mapadri inajengwa. Dada, nabii Natani alimwendea mfalme Daudi mwenyewe akamwambia kosa lake usoni, hakungoja umati. Anza na pasta. Mwambie Askofu Sapit wa Anglikana kule Butere 2021 alinyima wanasiasa nafasi ya kuongea kwa ibada na akina Raila wakiwa wamekaa hapo. Mgeni asalimiwe akiwa kitini, pesa iingie kwa sadaka kama ya kila mtu, risiti iandikwe.

Mwenye uzi: Asanteni sana. Pasta nitamwona Alhamisi, mama wawili wa ushirika wamekubali tuende pamoja. Akikataa, mstari wa 12 nitausoma polepole.

Guka_wa_Eldy: Sawa. Na simu zenu mziache nyumbani, akishuku mnamrekodi hamtaongea kitu.